Hesabu ya seli nyeupe kabla ya kemo: karatasi ya maabara inasema nini hasa?

Mgonjwa wa saratani anayetoka Faza au Kizingitini, katika kisiwa cha Pate huku Lamu, kwenda kuanza kemotherapi Mombasa hupanda boti hadi Mokowe, kisha basi la kupitia Witu, Garsen na Malindi. Nauli yake, nauli ya anayemsindikiza, chakula na mahali pa kulala, vyote vimeshalipwa kabla hajaiona dripu. Akifika hatiwi dawa kwanza. Hutolewa damu, na majibu ya damu hiyo ndiyo huamua kama dawa itatiwa siku ile au la. Wapo wanaoambiwa: hesabu ya seli nyeupe iko chini, rudi baada ya wiki. Mtu huiweka karatasi mfukoni, akarudi kisiwani akiamini kwamba kinga yake imekwisha na saratani imemshinda.

Mara nyingi sivyo. Hesabu ya seli za kinga kabla ya dawa ya kwanza imebeba habari za aina mbalimbali kwa pamoja: ulivyoumbwa na kurithi, ugonjwa ulivyokubadilisha, na yaliyokupata wiki chache zilizopita. Karatasi haizitenganishi habari hizo. Inabidi mtu azitenganishe, na mgonjwa anayejua cha kuuliza humsaidia sana daktari wake katika kazi hiyo.

Tuanze na karatasi yenyewe. Ni hemogramu, kipimo cha kuhesabu seli za damu ambacho karibu kila maabara hukifanya. Mstari wenye herufi WBC ni jumla ya seli nyeupe, na kwa mtu mzima kiwango kinachochapishwa huwa kati ya 4.0 na 11.0. Namba hizo ni bilioni kwa kila lita ya damu, kwa hiyo 5.2 ni seli bilioni 5.2 ndani ya lita moja, au 5,200 katika ujazo mdogo mno wa mikrolita moja. Maabara nyingine huandika 5.2, nyingine 5,200, na maana ni ile ile. Nimeona jamaa wakigombana juu ya karatasi mbili za mgonjwa mmoja kwa sababu hiyo tu.

Chini ya jumla huja mgawanyo wake: nyutrofili, limfosaiti, monosaiti, eosinofili na basofili. Kila moja huandikwa mara mbili, kwanza kwa asilimia, kisha kwa idadi halisi. Tazama idadi halisi. Mtu mwenye seli nyeupe 2.5 aliyeandikiwa limfosaiti asilimia 40 ana limfosaiti 1.0 tu. Mwenzake mwenye seli nyeupe 9.0 na limfosaiti asilimia 20 ana 1.8. Huyu wa pili ndiye aliye na limfosaiti nyingi, ingawa asilimia yake ni nusu ya ile ya kwanza. Wasiwasi mwingi wa bure hutokana na kusoma safu ya asilimia peke yake.

Nyutrofili ndizo zinazoangaliwa kwanza kabla ya kemo, na sababu yake ni nzito. Hizi ndizo seli zinazowahi bakteria mwilini. Maisha yake katika damu ni mafupi, chini ya siku moja hivi, na kwa hiyo uboho wa mifupa hutengeneza takribani bilioni 100 kila siku ili kuziba pengo. Dawa nyingi za kemotherapi huua seli zinazogawanyika kwa kasi. Seli za saratani ni miongoni mwao, na seli mama za uboho pia. Ndiyo maana nyutrofili hushuka baada ya dawa, kwa kawaida zikifika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda tena. Itifaki nyingi, yaani taratibu za tiba, hutaka ziwe angalau 1.5 siku ya kutia dawa, ingawa nyingine hukubali 1.0. Zikishuka chini ya 0.5, maambukizi ya kawaida yanaweza kuua.

Sasa, kuna jambo linalowahusu sana watu wa Afrika, na naona halizungumzwi vya kutosha katika nyumba zetu.

Kwenye seli nyekundu za watu wengi wa Ulaya na Asia kuna protini iitwayo Duffy. Waafrika wengi hawana protini hiyo kwenye seli zao nyekundu. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba kukosa Duffy humkinga mtu na malaria ya aina ya vivaksi, kwa kuwa kimelea hicho huitumia protini hiyo kuingia ndani ya seli nyekundu. Kwa maelfu ya miaka malaria iliwachuja watu, na aliyeikosa Duffy akapata nafuu. (Malaria inayotusumbua Pwani ni ya falsiparamu, ambayo haiitegemei Duffy, kwa hiyo hapa Lamu kinga hiyo haimsaidii mtu kitu.) Kisha mwaka 2009 watafiti waliokuwa wakichunguza jeni za Wamarekani weusi waligundua kwamba badiliko hilo hilo la jeni ndilo linaloshusha hesabu ya nyutrofili katika damu.

Mtu wa namna hiyo anaweza kuishi miaka yote akiwa na nyutrofili 1.3 au 1.2 bila kuugua zaidi ya jirani yake. Ukiutazama uboho wake, uko sawa kabisa. Seli zinatengenezwa, ila chache ndizo zinazokaa katika mkondo wa damu kwa wakati mmoja. Bakteria wakiingia, zinafika. Mtu huyu si mgonjwa na kinga yake si dhaifu. Lakini namba yake inaangukia chini ya mstari uliochapishwa kwenye karatasi, kwa sababu viwango vingi vinavyotumika duniani vilitokana na damu za watu wa Ulaya na Marekani.

Ili hesabu ishuke hivyo, mtu lazima arithi nakala mbili za badiliko hilo, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo katika miji kama yetu, ambako Wabajuni, Waamu, Wapokomo, Waaweri na watu wenye nasaba ya Hadhramaut wameoana kwa karne nyingi, ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana: dada ana nyutrofili 3.0 na kaka ana 1.4, wote wazima. Hata katika Bara Arabu hali hii inajulikana. Huwezi kuikisia kwa rangi ya ngozi wala kwa jina la ukoo.

Madhara yake kwa mgonjwa wa saratani ni ya kweli. Mwaka 2003 Dawn Hershman na wenzake wa New York walichapisha uchunguzi wa wanawake waliokuwa wakipata kemo kwa saratani ya matiti iliyogunduliwa mapema. Wanawake weusi walianza na seli nyeupe chache zaidi, na matibabu yao yalichukua muda mrefu zaidi kukamilika. Kuchelewa si jambo dogo. Gianni Bonadonna wa Milan, aliyewafuatilia wagonjwa wake kwa miaka 20, alionyesha mwaka 1995 kwamba faida kubwa ya kemo ya matiti ilikwenda kwa waliopata angalau asilimia 85 ya dozi waliyopangiwa. Mgonjwa anayeahirishwa mara kwa mara kwa ajili ya namba ambayo ndiyo desturi ya mwili wake anapunjwa dawa. Na kama anatoka kisiwani, kila kuahirishwa ni safari nyingine, na wapo wanaokatia tamaa njiani.

Haifuati kwamba kila nyutrofili 1.2 ipuuzwe. Aliyekuwa na 3.6 miezi sita iliyopita na leo ana 1.2, huyo amepungukiwa, na sababu lazima itafutwe: pengine saratani imeingia kwenye uboho, pengine ni maambukizi, pengine ni dawa fulani. Aliyekuwa na 1.3 kabla ya kuugua na leo ana 1.2, huyo yuko pale pale alipokuwa. Kwenye karatasi ya leo wanalingana. Kinachowatenganisha ni karatasi ya zamani, na ndiyo sababu nawasihi watu wasitupe majibu ya hemogramu waliyopimwa wakiwa wazima au kabla ya operesheni.

Hayo ni ya kurithi. Saratani nayo ina yake.

Tunazungumzia saratani zinazojenga uvimbe, kama ya matiti, ya shingo ya kizazi, ya tezi dume, ya umio na ya utumbo mpana, ambazo ndizo zinazoongoza hapa Kenya. Saratani za damu zenyewe ni habari nyingine, kwa sababu huko seli nyeupe ndizo zinazougua. Mwaka 1986 Harold Dvorak alieleza kwamba uvimbe hutumia njia zile zile ambazo mwili huzitumia kuponya kidonda, ila kidonda hiki hakifungi. Tishu huendelea kutoa ishara za dharura mchana na usiku. Baadhi ya ishara hizo ni kemikali zinazouamuru uboho utengeneze nyutrofili zaidi. Kwa hiyo mgonjwa wa saratani iliyosambaa mara nyingi huanza kemo akiwa na nyutrofili nyingi, si chache. Jamaa huiona namba kubwa wakafurahi. Kwa masikitiko, namba hiyo kubwa haimaanishi kinga imara. Nyutrofili zinazoitikia wito wa uvimbe zinaweza kuusaidia kuota mishipa mipya ya damu, na pamoja nazo hutoka seli changa za uboho ambazo kazi yake hapo ni kuzizuia limfosaiti, zile zinazoweza kuua seli za saratani, zisifanye kazi.

Wakati huo huo limfosaiti hupungua. Homoni ya kotisoli hupanda mwili unapokuwa kwenye dhiki, na huziondoa kwenye damu. Lishe duni huzipunguza. Umri nao huchangia, na mionzi aliyopigwa mgonjwa hapo awali huziua kwa wepesi kuliko karibu seli nyingine yoyote. Mwaka 2009 Isabelle Ray-Coquard na wenzake wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa wengi wa saratani mbalimbali waliopimwa kabla ya kemo: waliokuwa na limfosaiti chini ya 1.0 waliishi muda mfupi zaidi, na hali hiyo ilionekana zaidi kwa wale ambao saratani yao ilikuwa imesambaa. Kundi hilo la watafiti lilikuwa limeshaonyesha pia kwamba limfosaiti chache mwanzoni huashiria hatari kubwa zaidi ya homa wakati nyutrofili zinaposhuka.

Kutokana na hayo madaktari walipata hesabu moja rahisi: gawanya nyutrofili kwa limfosaiti. Mwenye nyutrofili 6.0 na limfosaiti 1.0 ana uwiano wa 6. Mwenye 2.4 na 1.6 ana 1.5. Mwaka 2014 Arnoud Templeton na wenzake walikusanya tafiti 100 zenye wagonjwa 40,559 wa saratani za uvimbe, na wakakuta kwamba uwiano mkubwa, ambao kwa kawaida ulihesabiwa kuanzia 4 hivi, uliandamana na maisha mafupi zaidi karibu katika kila aina ya saratani.

Naiheshimu hesabu hiyo, kwa sababu haihitaji mashine ya ziada na hospitali ndogo kabisa inaweza kuifanya. Lakini isomwe kwa uangalifu. Inasema juu ya makundi ya watu, haimtabirii mgonjwa mmoja mmoja. Wenye uwiano wa 7 waliopona wapo, na wenye 2 waliofariki wapo. Tena mpaka wa 4 ulitokana zaidi na tafiti za Ulaya, Marekani na Asia. Mtu asiye na Duffy ana nyutrofili chache tangu kuzaliwa, kwa hiyo uwiano wake huwa mdogo hata kabla ya ugonjwa, na akifika 3 huenda ameshabadilika sana. Kuuchukua mpaka wa watu wengine na kumpimia mtu wa Pate ni kumpimia kwa kipimo kisicho chake.

Limfosaiti zenyewe si kitu kimoja, na hemogramu huzijumlisha zote pamoja. Ndani yake mna seli B zinazotengeneza kingamwili, na seli T za aina kuu mbili: CD4, ambazo huziongoza nyingine, na CD8, ambazo huua seli iliyoharibika kwa kuigusa. Mna pia seli ziitwazo NK, zinazoweza kuua seli ya saratani bila kufundishwa kwanza. Watu wengi wameisikia CD4 kwenye kliniki za VVU, na kipimo ni hicho hicho. Mashine inayozipanga seli hizi kwa aina zake huhitaji damu iliyotolewa karibuni, na hapo umbali wa visiwa vyetu huwa kikwazo.

Kundi dogo la CD4 lina kazi ya kuituliza kinga ili isiushambulie mwili wenyewe. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambua seli hizo mwaka 1995, na mwaka 2025 alipewa Tuzo ya Nobeli ya tiba pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, waliogundua jeni inayoziendesha. Katika damu ya wagonjwa wa saratani za uvimbe, seli hizi za kutuliza mara nyingi huwa nyingi kuliko kawaida. Kwa hiyo wagonjwa wawili wanaweza kuwa na limfosaiti 1.5 kila mmoja, na mmoja akawa na seli nyingi za kuua huku mwenzake akiwa na nyingi za kuzuia. Hemogramu haiwezi kuwatofautisha.

Kuna kikomo kingine pia. Mtu akisimama gatini Lamu akahesabu mashua zinazopita mkondoni, hajajua ni ngapi zimetia nanga Matondoni, Shela na Manda. Takribani asilimia 2 tu ya limfosaiti za mwili ndizo zilizo katika damu kwa wakati wowote. Nyingine zimo kwenye tezi, wengu, utumbo na uboho, na baadhi zimo ndani ya uvimbe wenyewe. Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake wa Paris walionyesha kwamba katika saratani ya utumbo mpana, aina ya seli T zilizomo ndani ya uvimbe, wingi wake na mahali zilipokaa viliwatabiri wagonjwa vizuri zaidi hata kuliko hatua za ugonjwa zinazotumiwa kwa kawaida. Damu ni dirisha tunaloweza kulifungua kwa urahisi. Si nyumba nzima.

Hapo nyuma nilitaja yanayompata mtu wiki za karibuni. Pwani hayo ni mengi. Malaria hushusha limfosaiti pamoja na chembe za kugandisha damu kwa siku kadhaa, kisha hurudi malaria ikishatibiwa. Minyoo, kichocho na matende hupandisha eosinofili. Operesheni hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti, kwa hiyo mwanamke aliyekatwa titi juzi asipigiwe uwiano leo. VVU hupunguza CD4, na kemo huweza kuzipunguza zaidi hata kama virusi vimedhibitiwa. Hili lina uzito wa pekee kwa saratani ya shingo ya kizazi, kwani mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita ya kuipata, na dawa zake za VVU hazipaswi kukatizwa kwa sababu ya kemo.

Tena kuna deksamethasoni, kidonge kinachotolewa kuzuia kichefuchefu na mzio, wakati mwingine tangu siku moja kabla ya dripu. Kidonge hicho hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti ndani ya saa chache. Damu iliyotolewa baada ya kukimeza inaweza kuonyesha nyutrofili nzuri zisizo na ukweli. Mwambie anayekutoa damu kama umeshakimeza, na saa ngapi.

Mtu anaweza kuuliza: kama kemo itazishusha seli hizi hata hivyo, kwa nini tujali zilivyokuwa mwanzoni? Sehemu ya jibu ni usalama, nayo tumeshaiona. Sehemu nyingine ni kwamba kinga ni mshiriki katika tiba. Laurence Zitvogel na Guido Kroemer wa Ufaransa wameonyesha kwamba dawa kama doksorubisini na oksaliplatini huua seli za saratani kwa namna inayoziamsha seli za kinga, nazo zikaendelea kuushambulia uvimbe. Kwa hiyo anayeanza akiwa na limfosaiti za kutosha ana msaada ambao dripu peke yake haiutoi.

Wengi huniuliza wale nini ili namba ipande. Mchicha na maini husaidia upungufu wa hemoglobini unaotokana na uhaba wa madini ya chuma. Hilo ni tatizo la seli nyekundu, na haliinui nyutrofili. Kinachosaidia kinga ya mgonjwa ni chakula cha kutosha chenye protini: samaki, maharagwe, mayai, kunde. Habasoda, mwarobaini na dawa nyingine za mitishamba, mtajie daktari kila unachokunywa, kwa sababu baadhi ya mimea huingiliana na dawa kwenye ini. Nyutrofili zikibidi kupandishwa, ipo sindano ya filigrastimu inayouamsha uboho, nayo hutolewa kwa uamuzi wa daktari.

Kabla ya dripu ya kwanza, omba nakala ya hemogramu yako na uihifadhi pamoja na za zamani. Kama nyutrofili ziko chini, muulize daktari kama zimeshuka au zilikuwa hivyo tangu zamani, na mwonyeshe ushahidi. Uliza idadi halisi ya limfosaiti. Kama tiba itaahirishwa, uliza kama kipimo cha marudio kinaweza kufanywa Lamu na majibu yakatumwa, ili usisafiri hadi Mombasa kuambiwa urudi tena.

Na ukishatiwa dawa, weka kipimajoto nyumbani. Joto likifika 38 katika wiki mbili za mwanzo, hiyo ni dharura hata kama unajisikia vizuri. Usimeze panadoli kuishusha homa ukangoja asubuhi, kwa sababu nyutrofili zikiwa chini, usaha na kuvimba huenda visionekane kabisa na homa ikawa dalili pekee. Anayeishi Kizingitini au Kiwayu apange mapema, hasa miezi ya kusi, ni boti ya nani itakayomvusha usiku, na aiandike namba ya simu ya wodi juu ya ile karatasi ya hemogramu, ili atakayempokea hospitali ya karibu ajue alianza na nyutrofili ngapi na dawa ilitiwa siku gani.